Sura ya Saba: Loki ya Kushoto

Koplo Cherop alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, akaufuta kwa kidole gumba mshale ulio katikati ya gurudumu la mbele, akasoma.

"Kulia imefungwa, afande. Mshale uko kwenye LOCK."

Inspekta Awinja alikuwa ameinama upande wa pili wa Land Rover. Hakugusa kitu. Mikono aliiweka mgongoni kama mtu aliyeingia dukani bila nia ya kununua.

"Kushoto iko FREE," alisema. "Na si ya juzi. Tope la juu bado ni laini, lakini lililo chini yake limekauka likawa saruji. Njoo uone."

Cherop akazunguka. Alikuwa dereva wa polisi tangu ujana wake, mtu wa miguu mirefu aliyezoea kuzungumza na magari kuliko na watu. Alichuchumaa, akanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Mkono ukarudi kana kwamba chuma kilikuwa cha moto.

"Tutaigusa siku ya jaribio, mkubwa akiwepo na mashahidi wakiwepo. Ukiigeuza sasa, mimi na wewe tu hapa uani kwa watu, wakili atatuuliza ni nani aliyeigeuza kwanza. Tutamjibu nini?"

"Sawa, afande."

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la chama cha wakulima wa miwa, rangi yake ya kijani imebabuka hadi bati linachungulia. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mparachichi kwa Patroba Shikanga, dereva wa chama, mwendo mfupi tu kutoka soko la Mayoni. Patroba alikamatwa Jumamosi akiwa bado hajavua viatu vya kazi. Gari likabaki palepale, maana stesheni haikuwa na mafuta ya kwenda kulileta. Mzee wa mtaa aliambiwa aliangalie lisiibwe.

Ijumaa jioni, Gentrix Were, binti aliyekuwa akipalilia miwa kwa kibarua, alikutwa amekufa juu ya kilima cha Ebulonga. Gari lilimgonga likamwacha barabarani, jembe lake likiwa kando yake. Mvua ya usiku ikaosha kila alama. Watu wa chini ya kilima walikuwa wameona gari moja tu jioni ile: Land Rover ya chama, tope hadi milangoni, Patroba kwenye usukani. Wengi waliona hiyo inatosha.

Ila Patroba alikuwa na neno moja, na alilitoa asubuhi hiyo katika seli ya Kakamega, mgongo ukutani.

"Mimi sikupanda, madam. Gari ilinikatalia pale chini kwa mtaro. Nilikata majani ya miwa nikatandika chini ya tairi, nikarudi nyuma, nikazunguka na ile njia ndefu."

"Gari hiyo si ya kuvuta kwa magurudumu manne?" Awinja alimwuliza.

"Ni ya manne kwa jina. Loki ya kushoto ilikufa tangu Krismasi. Nimeambia ofisi mpaka nikachoka. Wananiambianga ngoja, ngoja."

Kesi nzima ilikuwa imekaa juu ya gurudumu hilo. Aliyemuua Gentrix alifika juu ya Ebulonga kwenye mvua. Kama Land Rover hii haingeweza kufika, Patroba alikuwa anafungwa kwa kosa la mtu mwingine.

"Nieleze kama utakavyomweleza hakimu," Awinja akamwambia Cherop. "Hakimu ambaye hajawahi kukwama."

Cherop akakuna kidevu. "Gari ya zamani inataka adabu, afande. Huko ndani unavuta hii gia ya kichwa chekundu. Lakini peke yake haisaidii. Lazima ushuke kwa tope, ugeuze loki ya kulia kwa mkono, uzunguke, ugeuze ya kushoto. Hapo ndipo tairi za mbele zinashikana na injini."

"Na loki moja ikibaki wazi?"

"Ni kama zote ziko wazi. Nguvu inakimbilia mahali pepesi. Ule upande wazi unazungusha chuma bure huko ndani, na ule uliofungwa unakaa tu ukiangalia. Utaona za nyuma zinarusha tope, za mbele zimelala."

"Kwa hiyo Ebulonga, na mvua ile ya Ijumaa?"

"Haipandi. Hata uipigie magoti."

Awinja akasimama wima. Kulikuwa na jambo la pili, ambalo mkubwa wake alilipuuza. Bibi mmoja anayeishi juu ya kilima alikuwa jikoni akisonga ugali jioni ile, akasikia gari likipanda kwa mwendo mmoja. Halikusimama chini, na hakusikia mlango ukifunguliwa. Mkubwa alisema bibi ni mzee na sufuria ilikuwa ikichemka. Lakini mtu wa Land Rover ya zamani lazima ashuke. Asiposhuka, basi yuko ndani ya gari la namna nyingine.

"Mulembe, madam."

Mke wa Patroba alisalimu akitoka nyumbani, mtoto amelala mgongoni, mkononi ana sahani ya viazi vitamu vilivyofunikwa kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Jina lake Sellah. Alikuwa mwembamba, na tabasamu lake lilikuja haraka mno, kama la mtu anayeogopa kukosa adabu.

"Mulembe, Mama Mitchel. Usingejisumbua."

"Si kitu. Kuleni. Baba Mitchel amekula?"

"Amekula," Awinja akajibu, bila hakika.

"Nilimpelekea shati, wakanirudisha pale getini. Wakasema mpaka mmalize kuandika." Akasogea karibu na gari. "Mmeona nini, madam?"

"Bado tunaangalia. Jumatano tutaipeleka hii Ebulonga. Koplo ataipandisha kilima, mkubwa wetu akiangalia."

"Na ikipanda?"

"Tutaandika kwamba imepanda."

"Ikikataa?"

"Tutaandika kwamba imekataa."

Sellah akambembeleza mtoto kwa kiuno bila kujua anafanya hivyo. "Lakini ni gani nzuri kwetu, madam? Kupanda ama kukataa?"

Cherop alimtazama inspekta. Awinja alikunja kitambaa cha viazi, akakikunjua.

"Wewe unaweza kuitwa shahidi. Nikikwambia ninachotafuta, watasema nimekufundisha la kusema, na kesi itaharibika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, madam."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la kushoto, mahali ambapo inspekta alikuwa ameinama muda mrefu.

Walipotoka, jirani mmoja mwenye matatu alikuwa anavingirisha tairi kando ya barabara, mpya kabisa, nywele zake za mpira bado zimesimama.

"Naona umenunulia gari viatu!" Cherop akamwitia dirishani.

"Vya kuazima, afande! Kesho ni inspekshen. Usiniandike, wewe ni mtu wangu!"

"Na ukirudi?"

"Nikirudi namrudishia mwenyewe. Gari ikiitwa na polisi inavaanga nguo za Jumapili, hujui?"

Cherop alicheka njia yote hadi lami. Hata Awinja alicheka.

*

Clifford Osiako alikuwa anaishi Shirere, mjini Kakamega, nyuma ya nyumba za kupangisha wanafunzi, kwenye boma lenye ukuta na mbwa wawili. Malori yake yalisomba miwa ya nusu ya Matungu, na kila Ijumaa alikuwa na desturi ya kwenda mwenyewe mashambani kuwaona wakataji. Pajero yake nyeupe ilisimama mlangoni kama bibi harusi.

"Karibu, dada inspekta."

"Inspekta inatosha. Nimeambiwa gari lako halishindwi na mlima."

Hakuna neno ambalo lingemfurahisha zaidi. Clifford alifungua mlango, akamwonyesha Cherop aketi, akainama dirishani.

"Ona. Hizi si zile chuma za mkoloni za kuteremka ukikoroga tope kwa mikono. Uko ndani, redio inaimba, gari inatembea. Unasukuma hiki kijiti, hivi. Tayari mbele kumeshika. Mtelezo ukizidi unasukuma tena, katikati kunafungwa, mbele na nyuma zinavuta sawasawa. Kiatu changu hakijui tope."

"Husimami chini ya mlima?" Awinja aliuliza.

"Nisimame nifanye nini? Kuomba?"

Cherop akaandika kwa macho yake. Akashuka, akaenda mbele ya gari, akapitisha kidole kwenye matundu ya boliti chini ya taa.

"Bosi, ngao ya mbele iko wapi? Hapa palikuwa na chuma kikubwa."

"Niliuza."

"Lini?" Awinja akauliza.

"Zamani."

"Matundu bado yanang'aa. Hata kutu haijayaona. Uliuzia nani?"

"Mtu. Inspekta, umekuja kununua gari?"

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa mjini, na marafiki. Wako, waulize. Wiki iliyopita sikukanyaga Mayoni kabisa."

"Si unaenda kila Ijumaa?"

"Hiyo moja sikuenda. Ni makosa?" Clifford alikuwa ameacha kutabasamu. "Mnanizunguka mimi na mtu wenu mnaye ndani. Mtu amekwama kwa mtaro, anatandika majani ya miwa chini ya tairi kama kuku anayetafuta pa kutagia, tope mpaka magoti. Mtu kama huyo akitoka hapo ana hasira. Anaenda mbio. Hata haoni aliye mbele."

Mbwa mmoja alibweka, akanyamaza.

"Majani ya miwa," Awinja akasema taratibu. "Nani alikwambia kuhusu majani?"

"Mayoni nzima inajua."

"Patroba alituambia sisi leo asubuhi, ndani ya seli. Mayoni haikuwepo."

"Basi mtu alimwona. Simu zipo, inspekta. Watu wanapiga."

"Jumatano njoo na gari lako Ebulonga. Tunajaribu yote mawili."

"Nitakuja. Mimi sina la kuficha." Akafunga mlango wa Pajero kwa upole kama anayefunga kabati ya vyombo. "Nitakuja hata na chai."

Garini, Cherop hakuweza kungoja wafike lami. "Alipita pale, afande. Alimwona Patroba kwa mtaro. Na ile ngao ilimgonga yule msichana."

"Kumwona Patroba si kumgonga Gentrix. Na ngao iliyouzwa haisemi kitu." Awinja alikuwa anatazama mbele. "Kwanza tumteremshe Patroba kutoka kilimani. Kukiwa hakuna mwingine pale juu, hapo tutampandisha huyu."

*

Mvua ya Jumanne usiku ilinyesha kama ilivyonyesha usiku ule mwingine, na Awinja alishukuru kila tone. Asubuhi Ebulonga ilikuwa nyekundu, inateleza kama sabuni. Wakataji wa miwa walikuwa wamejipanga kandokando na mapanga yao. Juu kabisa, mahali penyewe, alisimama mama mtu mzima peke yake, leso kichwani, mikono imeshikana tumboni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mama wa nani.

Afande Makhanu, mkuu wa upelelezi, alifika na buti za mpira na mwavuli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili, na kila faili alitaka liondoke mezani pake.

"Inspekta, nionyeshe."

Pajero ilianza. Clifford hakusimama chini. Alisukuma kijiti chake akiwa kwenye mwendo, gari likayumba mara moja, tairi zote nne zikauma udongo, likapanda. Halikufungua mlango hata mara moja. Awinja alimwona bibi wa jikoni akigeuza kichwa kusikiliza.

"Hili linaweza," Makhanu akasema. "Wala sishangai. Lile lingine liko wapi?"

Land Rover ilitokea kwenye kona ya miwa. Awinja aliiona, akaanza kuiendea.

Ilikuwa inang'aa. Kijani kilichobabuka kilikuwa kimesuguliwa hadi kimerudi ujana. Vioo vilikuwa safi. Hata nambari ya gari ilikuwa imepakwa mafuta.

Cherop alishuka bila kumtazama usoni. "Nimeikuta hivi, afande. Mama ndiye ameiosha."

Awinja alikuwa tayari amefika upande wa kushoto. Tope la saruji halikuwepo. Mahali pake palikuwa na kifuniko cha chuma kisafi, mshale wake mweupe, na ukingoni mstari mwembamba wa grisi mpya.

"Afande," akamwambia Makhanu, "naomba tuahirishe. Kielelezo kimeguswa."

"Kimeguswa au kimeoshwa?"

"Vyote viwili. Jumatatu loki hii ilikuwa imeganda."

"Nimetoka Kakamega na mvua. Watu wote hawa wameacha kazi. Na wewe ndiye uliyeniandikia barua ya jaribio hili." Makhanu akafunga mwavuli. "Geuza, inspekta."

Alianza na ya kulia, akaikuta kwenye LOCK kama Jumatatu. Akazunguka. Akaishika ya kushoto kwa nguvu zote alizokuwa amejiwekea tangu Jumatatu, akiiomba imshinde.

Ilizunguka kwa wepesi hata akapepesuka na kuegemea tairi. Ikalia *tik*.

Cherop akavuta gia nyekundu. Land Rover ilinguruma kizee, ikainamisha pua, na magurudumu ya mbele yakaanza kukwangua. Yalishika. Yalivuta gari lote nyuma yao, polepole, hatua kwa hatua, likipita mtaro, likipita majani ya miwa aliyotandika Patroba, ambayo bado yalikuwa yamelala pale, meusi. Wakataji wakaanza kunong'onezana. Gari likafika juu, likasimama mbele ya mama mwenye leso. Mama huyo alilitazama, akaliangalia vizuri, kisha akaligeuzia mgongo.

Chini ya kilima kikapigwa kigelegele kimoja, chembamba, cha furaha.

Makhanu aligeuka kuona ni nani. Awinja hakuhitaji kugeuka.

"Sasa?" Makhanu akauliza.

"Jumatatu ilikuwa imeganda, afande. Niliona kwa macho yangu, na Koplo aliona."

"Mliijaribu?"

"Hapana. Nilitaka ijaribiwe mbele yako."

"Kwa hiyo mliona tope." Sauti yake haikuwa na ukali. "Tope si kutu, Awinja. Kortini nitasema gari lilipanda, kwa sababu nimeliona likipanda. Wewe utasema nini? Kwamba lilikuwa chafu?"

Makhanu akakung'uta maji ya mwavuli.

"Faili liende Ijumaa. Mrudishie huyu bwana gari lake."

Clifford alikuwa ameshateremka, viatu vyake vikavu. Alimpita inspekta karibu sana.

"Ya zamani ni ya zamani, dada," akasema. "Ikishika, inashika."

*

Sellah alikuja mbio, mtoto akirukaruka mgongoni, mkononi ana mfuko wa karatasi.

"Imepita, madam! Nimeiona mwenyewe! Imepita vizuri kushinda hata ile nyeupe!" Akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na shati la bluu lililopigwa pasi, kola yake imesimama. "Atatoka leo ama kesho? Nataka abadilishe kabla ya kukuja kwa barabara. Watu wasimwone na zile nguo."

"Mama Mitchel. Nani aliigusa ile loki?"

"Fundi Titus, wa pale sokoni." Alisema kwa fahari, akishusha sauti kama anayetoa siri nzuri. "Mlivyoondoka tu nilimwita. Nilikuona ukiiangalia sana, nikajua hiyo ndiyo mbaya, hiyo ndiyo itamwangusha. Titus aligonga, akagonga, ikakataa. Akaitoa yote, akaweka ingine ya gari iliyokufa. Nilimpa cherehani yangu. Baba Mitchel atanigombeza kwa ajili ya cherehani, lakini akigombana yuko nyumbani, si ndio?"

"Mzee wa mtaa alisema nini?"

"Alisema bora gari isiende mahali. Hata alimshikia fundi nyundo."

Cherop alikuwa amegeuka upande wa miwa, kofia mkononi.

"Ya zamani iko wapi?" Awinja akauliza. "Ile iliyotolewa?"

"Titus anayo."

Waliingia wote Land Rover, Sellah katikati na mtoto mapajani, na Cherop akaendesha hadi Mayoni kama ambaye hajawahi kusikia habari za mashimo. Chuma kilichoganda kina kutu ndani. Kutu ni ya miezi, haitengenezwi kwa siku mbili. Kipande hicho kikiwekwa mezani kwa hakimu, mtu yeyote ataelewa. Awinja aliyasema haya kwa sauti.

Fundi Titus alikuwa amelala chini ya trekta. Alitoka kwa mgongo, akajifuta mikono.

"Ile? Mama, ile ilikuwa jiwe. Nimefungua gari miaka yote, sijaona loki imekufa namna hiyo. Ilibidi niipasue na nyundo kubwa."

"Vipande."

"Vilienda jana. Lori ya vyuma vikuukuu ilipita, ikazoa kila kitu hapa. Saa hii viko Kisumu, ama vishaenda kuyeyushwa."

"Vyote? Hata boliti?"

Titus alipiga mateke majani kuzunguka kazi yake, akainua gunia, akalirudisha. Ardhi ilikuwa imefagiwa vizuri. Ndani ya kibanda, juu ya meza, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa maua.

"Utaandika maelezo?" Awinja akamwuliza. "Kwamba loki ilikuwa imeganda, kwamba uliipasua, kwamba gari lile lisingeweza kupanda Ebulonga?"

"Nitaandika, madam. Hata mara kumi." Fundi aliangalia cherehani, akaangalia chini. "Lakini hao watu wa korti wataniuliza ni nani alinilipa."

Kuku walipita kati yao.

"Madam," Sellah akasema. "Kwa nini mnataka ile mbaya?"

Awinja alimwelekeza akae kwenye benchi la fundi, na yeye akaketi kando yake. Alimweleza bila kukwepa: kwamba aliyemuua Gentrix alifika juu, kwamba mumewe alisema gari halikuweza kufika juu, kwamba loki ile iliyokufa ndiyo ilikuwa shahidi wake, na hakuwa na mwingine. Alisema pia kwamba alipaswa kumwambia Jumatatu, na sheria ilimzuia, na kwamba sasa ukimya huo haukuwa umemsaidia mtu.

Sellah alisikiliza akilikunja shati. Alilikunja likawa dogo, akalikunja tena.

"Nikisema ni mimi nilitengeneza?"

"Nitaandika. Nitakwenda nayo kwa mkubwa, nitakwenda nayo kortini. Lakini wewe ni mkewe. Watasema unamwokoa. Na wanaweza kukushtaki kwa kuharibu ushahidi, na Mitchel bado ananyonya."

"Niandikie, madam."

"Mama Mitchel, fikiri kwanza."

"Niandikie."

Cherop akaenda garini kutafuta karatasi. Awinja alikuwa anatafuta kalamu mkobani alipomwona Sellah ameinuka, mtoto tena mgongoni. Alitembea hadi kwenye Land Rover, akapiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, matope yakaingia kwenye rinda lake. Mtoto aliamka mgongoni, akanyoosha kidole kuelekea chuma kinachong'aa.

Sellah alikishika kifuniko kwa mikono miwili. Alikaza, akakaza hadi mishipa ya shingo ikasimama.

"Ganda," akakiambia.

Kikageuka. *Tik.*

Akakirudisha, akakandamiza kwa uzito wake wote, akakipaka tope kwa kiganja, akakishindilia tope kila ukingo.

"Ganda, basi. Ganda."

Kikageuka tena, bila kelele, kwa wepesi uleule aliokuwa ameutolea cherehani.